Geuka Nyuma, Kamaldine

Telefone ilitetemeka mapajani mwa Faridah, chini ya mtandio. Akaifunika kwa kiganja ili mwanga usiwachome watu macho, maana ndani ya siné, ukumbi wa filamu, kulikuwa giza, mapazia mazito yameteremshwa kuzuia jua la alasiri, na mabenchi yamejaa hadi wengine wamekalia matofali mlangoni. Akasoma.

"Mupenzi wangu, bado niko Lusangi kwa mjomba, homa haijamuacha. Nisaidie kitu kimoja. Nitumie odio ya episodi ya mwisho, sasa hivi. Nimekosa sauti yako. Nakupenda."

Akainua macho. Aliyeandika maneno hayo alikuwa amesimama pale mbele, kando ya ekrani, telefone bado iko mkononi, amevaa shati jeupe ambalo Faridah alimshonea kwa mikono yake, kola akaishona mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuipenda. Alikuwa akiwatuliza watu wa Kabambare: wavumilie kidogo, mashine inapumzika, episodi ya mwisho inakuja.

Hawa, binamu yake, akamsogelea sikioni.

— Ameandika nini?

— Iko Lusangi.

— Nani iko Lusangi?

— Yeye.

Hawa akamtazama Kamaldine kule mbele, akamtazama Faridah, akarudi tena kwa Kamaldine.

— Basi Lusangi imehama, akasema. Inatakiwa watuambie, sisi wenye shamba huko.

Siku nyingine Faridah angecheka. Siku hiyo aliendelea kutazama mbele. Kilichomuuma hakikuwa Lusangi wala mjomba wa uongo. Kilikuwa msichana aliyekaa kwenye kiti karibu na Kamaldine, kitambaa cha kijani kichwani, mikro mkononi. Aliitwa Amisa. Muda mfupi tu uliopita, Amisa alikuwa amemaliza kuifasiria siné nzima episodi ya kabla ya mwisho, na kila neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa la Faridah.

Sasa ngojeni niwapange vizuri, maana kisa hiki ukikidandia katikati unaweza kumhurumia asiyestahili.

Kamaldine alikuwa mufasiri wa siné pale Kasongo. Kazi hiyo mnaijua: filamu inakuja kwa lugha ya watu, mufasiri anakaa na mikro kando ya bafle, lile spika kubwa, anawawekea watu Kiswahili. Za vita hazina shida. Mutu akipigwa, mufasiri anasema amepigwa, watu wanapiga makofi, maisha yanaendelea. Halafu kukaingia katuni moja ya Wajapani ambayo haikuwa na vita hata kidogo.

Ilikuwa ya mwanamke anayekaa kwenye stesheni ya treni, milimani, ambako treni iliacha kupita zamani. Anafagia. Anachemsha chai. Anamngoja mtu mmoja aliyeondoka. Wapita njia wanakuja, wanakaa kwenye benchi lake, wanaongea taratibu, wananyamaza, mvua inanyesha juu ya reli, wanaondoka. Basi. Siku ya kwanza vijana wa Kasongo walipiga miluzi. Mmoja akauliza kama mashine imekwama, kwa sababu yule mwanamke alikuwa ameitazama birika kwa muda mrefu kuliko kawaida ya birika.

Kamaldine alishika kichwa. Maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha hakuyaweza, shule aliiacha mapema. Ndipo akaja kwa Faridah, binti wa Muzee Amuri mwenye duka la vitenge karibu na msikiti. Faridah alikuwa na diploma yake ya serikali, Kifaransa anakisoma, alikuwa na cherehani, na alikuwa na siri: alikuwa akimpenda Kamaldine tangu zamani, na Kamaldine alijua.

Faridah akaiangalia katuni ile peke yake kwenye telefone, akiwa na sindano mdomoni, akasahau nguo ya mteja. Akamtumia Kamaldine odio za sauti yake. Alimueleza nani anasema nini, na zaidi ya hapo alimueleza kwa nini mwanamke yule anaitazama birika. Alimueleza hata vimya. Mahali ambapo wale wa katuni hawakusema kitu, Faridah alimwambia Kamaldine: hapa usiongee, acha watu wasikie mvua. Kamaldine alikuwa mtu wa kujaza. Kimya kilimtisha. Lakini alijaribu, na Kasongo ikageuka.

Wamama wakaanza kuja. Wakampa mwanamke wa katuni jina, Mama Stesheni, kama jirani yao. Sokoni watu waligombana juu yake. Mutu ambaye hakuna anayemkumbuka, bado anangojwa? Anayengoja na aliyesahau kwamba anangojwa, nani iko peke yake zaidi? Muuza samaki mmoja wa Nyangwe aliacha samaki wake juani akibishana, nzi wakafaidi. Na Kamaldine akapita katikati ya mji kama mkwe mpya, watu wanamwita Maître, bwana fundi.

Faridah alimuuliza mara moja, wakiwa sebuleni kwao, mlango wazi kama inavyotakiwa:

— Na mie nikishika mikro siku moja?

Kamaldine akacheka kwa upole.

— Faridah. Binti wa Muzee Amuri, mbele ya vijana wa Kasongo, na mikro? Baba yako atakufa na haya. Mikro si kitu cha mwanamuke. Wewe kuwa moyo, mie niwe mudomo.

Alilimeza hilo. Lilikuwa tamu hata, wakati ule. Siku ile ile Kamaldine akamwambia kwamba katuni ikiisha, wajomba zake watakuja kwa Muzee Amuri kumuomba. Amngoje tu. Faridah akamjibu maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu:

— Mie sikungoji kwa sababu sina pa kwenda. Nakungoja kwa sababu nimechagua.

Wiki iliyofuata, Mama Stesheni akayasema maneno hayo hayo kwenye siné ya Kasongo, kwa sauti ya Kamaldine, mahali ambapo kwenye katuni hakuna neno lolote. Watu wakalia. Faridah, aliyekuwa amekaa nyuma na shangazi zake, aliona joto usoni. Alidhani ni zawadi. Alidhani Kamaldine anamwambia mbele ya mji mzima kwamba amesikia.

Zikabaki episodi chache. Zote alizituma, isipokuwa ya mwisho. Ya mwisho alikataa kuifasiria kwa odio. Alikuwa ameiona tayari, na alijua mwisho wake. Akamwambia Kamaldine: hii tutaiangalia pamoja, siku wajomba wako watakapokuja, nataka nione uso wako. Kamaldine akasema sawa. Kisha mjomba wa Lusangi akaugua, Kamaldine akapanda pikipiki, na siné ya Kasongo ikafungwa kufuli.

Ukweli uliletwa na Raphaël, dereva wa pikipiki, kijana wa watu, hana ubaya. Alikuwa uani kwa Hawa akinywa maji, amerudi kutoka Kabambare na vumbi hadi kwenye nyusi, anasifia. Kule, alisema, kuko siné ya baba mmoja ambaye mutoto wake wa kike anafasiria katuni ya stesheni hadi wanaume wanapangusa macho. Sauti yake kama asali. Kuko neno moja analisema, sasa kila kijana wa Kabambare analiandikia musichana wake.

— Neno gani? Hawa akauliza.

Raphaël akanyoosha mgongo, akajitengenezea sauti ya kike.

— "Mie sikungoji kwa sababu sina pa kwenda. Nakungoja kwa sababu nimechagua."

Hawa akacheka. Faridah alikuwa anapindisha upindo wa gauni. Sindano ikaingia kidoleni, na hakuitoa.

— Na huyo aliyemufundisha ni nani? akauliza.

— Muchumba wake. Anaitwa Kamaldine. Mutu wa kwenu.

Ndivyo walivyofika Kabambare, Faridah katikati, Hawa nyuma, Raphaël akiendesha na kujutia mdomo wake, barabara ikiwatupa huku na huku, mahali pengine wakishuka kusukuma kwenye tope. Muzee Amuri aliambiwa wanakwenda kwenye msiba. Hawa alisema si uongo mtupu.

Turudi ndani ya siné.

Watu walianza kugonga mabenchi. Kamaldine akaangalia telefone yake, akaona ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Akaenda kwenye kona, akageukia ukuta, akapiga. Mapajani mwa Faridah kukatetemeka tena. Hawa akamkamata mkono. Faridah akapokea, akajifunika mtandio hadi mdomoni.

— Allo, mupenzi. Umepata ujumbe wangu?

Sauti ilimfikia mara mbili, moja sikioni, nyingine nyembamba ikitoka kule kwenye kona.

— Nimepata. Mjomba anaendeleaje?

— Ah, tunamwachia Mungu. Amelala hapa mbele yangu.

Mbele yake kulikuwa na ukuta na tangazo la sabuni.

— Naye anahitaji episodi ya mwisho?

— Faridah, usinitanie. Ni mie naihitaji. Nimechoka na huku porini, hakuna hata mutu wa kuongea naye.

— Nasikia watu wengi.

— Ni... majirani. Wamekuja kumuona mugonjwa.

— Wanagonga mabenchi?

Akanyamaza. Yeye, ambaye kimya kilimtisha, akanyamaza.

— Ulisema mikro si kitu cha mwanamuke, Faridah akasema.

— Hiyo imetoka wapi sasa?

— Geuka nyuma, Kamaldine.

Mabega yaliyokuwa ndani ya shati jeupe yalitulia kwanza. Kisha yakageuka, kidogo kidogo. Faridah alikuwa amesimama, mtandio umemteremka mabegani, na mwanga wa ekrani ukamuangukia usoni. Watu wa mabenchi ya nyuma waligeuka kumtazama. Wa mbele wakageuka kwa sababu wa nyuma wamegeuka. Simu bado ilikuwa imefunguliwa, na Kamaldine, kwa mazoea tu, akasema ndani yake:

— Allo?

Hawa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida, siné nzima ikisikia:

— Mupe pole mjomba.

Faridah, Hawa na Kamaldine wakatoka hadi uani, nyuma ya siné, ambako jenereta ilikuwa ikikoroma na mtu akiongea lazima asogee. Amisa akawafuata, mikro ameishika bado, waya umeng'oka.

— Huyu dada ni nani? akamuuliza Kamaldine.

— Ndugu yangu wa Kasongo, Kamaldine akasema. Tumesoma pamoja.

— Wewe na shule? Hawa akasema. Sema kingine.

Faridah hakumtazama Kamaldine. Alimtazama Amisa, na aliyemkuta pale hakuwa yule mwizi wa bwana ambaye yeye, Faridah, njia nzima alijiandaa kumrukia. Alikuwa msichana mwenye wino kiganjani, kwa sababu alikuwa anajiandikia maneno asije akayasahau mbele ya watu.

— Dada, maneno unayofasiria, unayapata kwa nani?

— Kwa Kamaldine.

— Na yeye?

— Kwa mwalimu mmoja muzee wa Nyangwe. Kipofu. Kamaldine anamusomea maandishi, muzee anamueleza maana, yeye ananiletea mie.

Hawa akashika kiuno. Akatazama mbingu, akatazama jenereta, kama anayeitafuta shule ambayo Kamaldine alisomea Kifaransa.

Faridah akafungua telefone yake. Akatafuta odio moja, akaisogeza sikioni mwa Amisa. Sauti yake mwenyewe ikatoka, na nyuma yake mlio wa cherehani. "Hapa usiongee. Mama anaitazama birika kwa sababu ndicho kitu pekee nyumbani kinachorudi kila siku kumuita. Acha watu wasikie."

Amisa akasikiliza. Midomo yake ilikuwa inafuata, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa anayajua kwa moyo.

— Muzee wa Nyangwe, Faridah akasema. Ni mie.

— Na lile la kungoja? Amisa akauliza polepole. La nimechagua?

— Lile halimo ndani ya katuni. Nilimwambia yeye, sebuleni kwetu, siku alipoahidi kunioa.

Amisa akamgeukia Kamaldine. Sauti haikupanda.

— Wewe uliniambia maneno yale umeyatoa moyoni mwako. Uliniambia mie, hapa hapa uani, siku uliyoniomba. Baba yangu alikuwa amesimama pale.

Kamaldine akaanza kujaza. Akasema mambo yamechanganyika, akasema watu wazima wanaweza kukaa wakaongea, akasema baba yake Amisa ana siné nzuri na Kasongo hakuna maendeleo, akasema maneno ni maneno tu, yanatembea, hayana mwenyewe. Akamshika Faridah mkono.

— Faridah, sikia. Ile ilikuwa kazi. Wewe unajua moyo wangu uko wapi.

Faridah akautoa mkono wake, bila kuuvuta kwa nguvu, kama mtu anayetoa kitambaa kwenye mwiba asikichane.

— Najua, akasema. Niliutafuta kwenye kila odio niliyokutumia. Nilikuwa nasikia wangu tu.

— Nilitaka kurudi.

— Nani alikuwa anakungojea? Mie, ama odio ya mwisho?

Kamaldine akaitazama telefone iliyokuwa mkononi mwake.

— Ungenidanganya juu ya mwanamuke, ningelia yakaisha, Faridah akaendelea. Lakini uliniambia sauti yangu ni haya. Uliniambia itamuua baba yangu. Kisha ukaibeba kwa pikipiki, ukamupa mwenzangu, ukamukalisha mbele ya watu, na hukuona haya yoyote. Mie nimekaa nyuma kwenye giza nikijifunika uso, nikisikiliza maneno yangu kama mugeni.

Ndani, watu walikuwa wakiimba "mwisho, mwisho, mwisho" na kugonga mabenchi. Mama mmoja muuza mihogo, Pascaline, akatoa kichwa dirishani akauliza kama kuko msiba ama ndoa, kwa sababu yeye ameacha mihogo motoni, na asipomuona Mama Stesheni leo hataondoka.

Amisa akaiangalia mikro iliyokuwa mkononi mwake. Akaipangusa kwa kitambaa, akamnyooshea Faridah.

— Mie ya mwisho siijui, akasema. Na hata zile nyingine, kumbe sikuzijua.

— Watu wa kwenu watanicheka?

— Watakucheka kama utakuwa mubaya.

Faridah akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

— Na wewe, Amisa akamwambia Kamaldine bila kumtazama, baba akirudi kutoka shamba nitamueleza mie mwenyewe. Mulango wa siné yetu usahau rangi yake.

Basi waya ukachomekwa tena, Faridah akakaa kwenye kile kiti cha Amisa. Hawa alisimama nyuma yake kama polisi. Mwanzoni sauti haikutoka, na kijana mmoja akacheka, na Pascaline akamwambia kijana huyo jambo juu ya kichwa chake ambalo sitaliandika hapa. Kisha picha ikaanza, milima, ukungu, reli zenye majani, na Faridah akasahau kama anatazamwa.

Katika episodi ya mwisho treni inakuja. Watu wa Kabambare waliposikia king'ora chake walisimama kwenye mabenchi, baada ya kungoja muda wote ule. Treni inasimama, na anayeshuka ni yule yule, mtu wa Mama Stesheni, nywele zimeanza mvi. Siné ikapumua. Lakini mtu yule anamtazama mama kama unavyomtazama mwenye kibanda. Hamkumbuki. Ameshuka tu kuuliza njia, kwa sababu anakwenda bondeni, kwa mke wake na watoto wake.

Faridah alisema alichosema mtu yule. Kisha akanyamaza, kwa sababu Mama Stesheni alinyamaza. Birika ikachemka. Mama akamimina chai. Mvuke ukapanda. Mtu akanywa.

— Mufasiri amelala? mmoja akanong'ona.

— Hajalala, Pascaline akamjibu, na sauti yake ilikuwa imekatika. Huoni mama anamuangalia?

Kimya kikaendelea. Jenereta tu, nje. Kamaldine alikuwa amesimama mlangoni kwenye mstari wa mwanga, na Faridah akamuona, na ule uso aliotaka kuuona siku ya episodi ya mwisho akauona. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta neno la kujaza.

Mwisho kabisa, mama anamuonyesha yule mtu njia. Anaosha kikombe. Anafunga mlango wa stesheni, anachukua fimbo yake, anaanza kutembea juu ya reli kuelekea upande mwingine. Kutoka hapo hakuna maandishi tena chini ya picha. Hakuna neno. Na ndipo kijana mmoja kule nyuma, mmoja wa wale waliokuwa wakiwaandikia wasichana, akasema kwa sauti ya chini lile neno walilolizoea, na wengine wakamfuata, benchi baada ya benchi:

— Nakungoja kwa sababu nimechagua.

Faridah akasogeza mikro. Alikuwa amejikataza mwenyewe kuongeza neno mahali penye kimya. Siku hiyo akaongeza moja.

— Na sasa nimechagua kwenda.

Njia ya kurudi Kasongo alilia hadi Raphaël akasimamisha pikipiki chini ya michikichi na kujifanya anaangalia cheni. Hawa hakumfariji. Alimpangusa pua tu, akamwambia alie vizuri, amalize, kwa sababu nyumbani kuko mtu wa kujibu.

Muzee Amuri alikuwa amekaa dukani kati ya vitenge vyake. Habari zilikuwa zimewatangulia, mnajua zinavyotembea. Alimwacha binti yake akae, akammiminia kahawa.

— Msiba ulikuwa wa nani? akauliza.

— Wangu, baba.

Muzee akatikisa kichwa.

— Wananiambia umeshika mikro mbele ya watu wa Kabambare.

— Ndiyo.

— Wananiambia ile katuni ambayo mji mzima ulikuwa unalia juu yake, ni wewe uliyekuwa unaifasiria tangu mwanzo.

— Ndiyo, baba. Sikukuambia juu nilijua utakataa. Nilijua utaona haya.

— Nani alikuambia nitakataa?

— Kamaldine.

— Na mie, uliniuliza?

Faridah akaweka kikombe chini. Hakuwa amemuuliza. Muda wote ule alikuwa amemfasiria baba yake kwa maneno ya Kamaldine, na hakuwahi kusikiliza mwenyewe.

— Marehemu mama yako, Muzee Amuri akasema, alikuwa akisoma kasida kwenye harusi za mji huu, sauti inafika mtoni. Mie nilimuoa kwa sauti ile. Ungeniuliza, mutoto wangu. Ungeniuliza tu.

Akamkunjia kitenge kimoja, akakiweka magotini mwake, akarudi kwenye kazi yake na miwani imelowa.

Siné ya Kasongo ikafunguliwa Ijumaa baada ya swala. Mwenye siné alikuwa amechoka na kufuli. Watu walijaa hadi barabarani, wamama na viti vyao, Hawa akipanga mabenchi na kusambaza habari za Kabambare kwa kila aliyekaa, akiongeza chumvi mahali ambapo hapakuwa na haja. Muzee Amuri alikaa benchi la mbele, kofia yake nyeupe kichwani, tasbihi mkononi. Na binti yake kwenye kiti cha mufasiri.

Treni ilipofika, mlango wa siné ulisukumwa. Kamaldine alikuwa amerudi mjini asubuhi ile, kimya kimya, na shati lile lile jeupe, sasa na tope la barabara hadi kifuani. Akasimama pale pale mlangoni. Hakuna aliyemsogezea nafasi. Wajomba zake alikuwa hajawatuma, na hakuna aliyekuwa anawangojea tena.

Kwenye ekrani, mtu wa Mama Stesheni akaweka kikombe chini. Faridah akamfasiria.

— Asante kwa chai. Sasa nionyeshe njia, mama.

Birika. Mvuke. Kimya. Siné yote ilikuwa imegeuka kumtazama Kamaldine, na Muzee Amuri naye akageuka, tasbihi ikasimama katikati ya vidole. Kamaldine alimtazama Faridah. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama ya mtu anayeomba apewe maneno ya kusema.

Faridah akamtazama pia, muda wote ambao birika ilichukua kutulia. Kisha akarudisha macho kwenye ekrani, ambapo Mama Stesheni alikuwa ameinua mkono, na akasoma kilichoandikwa chini ya picha, bila kuongeza kitu.

— Njia ni ile.